Farasi Aliyerudi Lamboya

Surabaya, 14 Novemba 1971

Mdogo wangu Deta,

Kwanza mwambie Mama nguo aliyonifumia imefika salama, haina hata doa. Nimejifunga Jumapili iliyopita, na majirani wote wamenisimamisha njiani kuishika upindo. Koni naye amelilia ya kwake. Ana miaka minne sasa, ana sura ya Mama na ubishi wa Baba. Mimi ni mzima. Zamu za hospitali zinanichosha miguu, lakini wiki hii nimezalisha pacha wawili mara mbili.

Wagimin anakusalimu. Bado anaendesha gari lake la farasi kati ya soko na stesheni, ingawa siku hizi watu wanapenda vigari vya injini. Farasi wake Menur ndiye yule yule. Ni farasi wa kisiwani kwetu, mfupi, mwenye kifua kipana, alishushwa na meli akiwa mdogo. Nakwambia kweli, siku ile Wagimin alipomleta mgonjwa pale hospitali, mimi nilimwona farasi kwanza, mwenye farasi baadaye.

Deta, Baba anasemaje? Miaka sita sasa. Bado nayasikia maneno yake: “Farasi ni wa kupandwa. Mtu anayemfunga farasi gari kama nyati hawezi kuniletea mahari.” Na kweli Wagimin hakuleta hata mkia. Niliondoka hivyo hivyo, na najua kwetu binti aliyeondoka bila farasi ni kama aliyeibwa. Ukimsomea Mama barua zangu, Baba huwa wapi?

Na wewe je? Umeshafika miaka ishirini na saba. Unaoa lini, au unangoja meno yang'oke?

Dada yako,
Bita


Lamboya, 9 Januari 1972

Dada Bita,

Hatujambo. Barua yako ilikaa posta ya Waikabubak karibu mwezi mzima mpaka mwalimu alipoichukua. Mvua imenyesha vizuri. Mama anasema Koni akianza kukataa chakula apewe uji wa mahindi, siyo wali wa kijava usio na nguvu. Nimeandika alivyosema, usinigombeze mimi.

Ulitaka kujua Baba huwa wapi. Nikisoma barua zako, yeye hukaa kwenye kizingiti cha baraza, ametupa mgongo, anasokota kamba. Juzi alisokota kamba ile ile, akaifumua, akaisokota tena mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia, “Siku hizi unasoma kwa sauti ndogo. Una kikohozi?” Jina lako hajalitaja.

Farasi wake Radi ana miaka kumi na miwili sasa, bado akitoka zizini watu wanasogea. Baba hapandi tena vitani, lakini watu wanaendelea kumwita Mzee Radi kwa jina la farasi wake, na ukimwita kwa jina la ubatizo hageuki. Asubuhi humwosha mtoni, jioni humsugua kwa majani. Mama anasema angeoshwa yeye hivyo angekuwa bado msichana.

Mwezi ujao ni Pasola, tutarushiana tena mikuki juu ya farasi. Wazee wanaendelea kuhesabu mwezi, wakingoja minyoo ya baharini ipande ufukweni. Mimi nitampanda yule dume mwekundu. Nimechonga mikuki kumi na minne, yote butu kama inavyotakiwa, usianze kuhangaika.

Kuhusu kuoa, bado nipo nipo tu.

Deta


Lamboya, 20 Februari 1972

Dada,

Pasola imepita. Upande wetu ulifanya vizuri, damu kidogo ilimwagika, kwa hiyo mpunga utakuwa mzuri. Mimi ni mzima. Mkono umechoka kidogo ndiyo maana naandika kwa kifupi.

D.


Surabaya, 2 Aprili 1972

Deta,

Wote hapa hatujambo, na salamu kwa Mama. Sasa nisikilize.

Mimi ni muuguzi. Ile barua yako ya Februari uliiandika kwa mkono wa kushoto. Nilitaka kukuuliza taratibu, lakini Jumanne nilikwenda bandarini na Wagimin, maana meli ya farasi kutoka Waingapu ilikuwa inashusha. Nani nikamkuta ameshika kamba za farasi thelathini? Mude, yule jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Nilimpa chai na wali, na yeye akanipa habari zote.

Umevunjika mtulinga. Ulipigwa mkuki na kaka yake Lali. Lali ndiye msichana uliyemchumbia tangu mwaka juzi, na mimi dada yako wa tumbo moja sikuwahi kusikia hata jina lake! Mude anasema kwenye uwanja wa Pasola kaka zake walikuwa wanakuzomea mbele ya watu: “Deta, njoo uoe kwa kuku! Farasi wa kwenu wameenda kuvuta magari Java!” Na wewe ukawafuata peke yako mpaka katikati yao, bila ngao, kama mtu aliyechoka kuishi.

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni. Nilikuwa nimesahau, Deta, au nilijisahaulisha. Farasi wa mahari yangu walikuwa wawe mahari yako. Wangeingia kwetu kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine kwenda kwa wakwe zako. Mimi nilipoondoka bila farasi, nilikwenda na ndoa yako mfukoni. Na miaka yote hii nakuuliza, “Unaoa lini?” na kucheka.

Kwa nini hukuniambia? Niambie mfupa umeunganaje. Usinyanyue kitu chochote kizito hadi wiki nane ziishe.

Bita


Lamboya, 10 Mei 1972

Dada Bita,

Mama anakusalimu, anafuma nguo ya indigo na hataki kusema ni ya nani. Mfupa umeungana, una kinundu kidogo. Mude ana mdomo kama mfereji, nitaongea naye.

Sikukwambia kwa sababu ungefanya kama unavyofanya sasa. Ungekaa jikoni ukalia. Ulimpenda mtu ukaenda, na mimi nilikubebea sanduku lako mpaka barabarani kwa hiari yangu. Umesahau? Sikulibeba ili nije nikudai.

Lali ndiyo, yupo. Ni binti wa bonde la pili, ana sauti kubwa na anatupa jiwe mbali kuliko mimi. Baada ya Pasola alikuja kuniona na dawa ya majani, akaniambia, “Unanipendea nini, mpumbavu wewe, kama unataka kufa mbele yangu?” Nikajua hapo hapo kwamba siwezi kuoa mwingine. Kwao wanataka farasi kumi na nyati watatu. Ukoo wetu unaweza kuchangia, lakini baba zetu wadogo wanasema, “Sisi tutoeje, na nyumba yenyewe haijapokea hata farasi mmoja kwa binti yake? Tutaonekana wajinga.” Wazee wa Lali wamesema wanangoja hadi mavuno. Baada ya hapo kuna mtu wa Wanokaka anamtaka.

Ulinijia juu kwa barua, nami najibu kwa barua: sina kinyongo na wewe. Sina na Wagimin. Na usimwambie chochote, atajisikia vibaya bure.

Deta


Surabaya, 1 Juni 1972

Mdogo wangu,

Barua fupi leo. Tu wazima wote. Joto ni kali. Koni amejifunza kupanda ukuta, ninakimbia naye siku nzima, na siku hizi kukimbia kwangu si kama zamani.

Wagimin amesafiri kidogo kwa shughuli zake. Hapana, si kazi mpya. Nitakueleza baadaye.

Wazee wa Lali wasisogeze siku. Waambie wangoje mavuno kama walivyosema. Na Deta, kama mtu yeyote akifika kwetu akiongea vibaya lugha yetu, msimcheke sana.

Bita


Lamboya, 19 Julai 1972

Dada Bita, mwongo mkubwa,

“Amesafiri kidogo kwa shughuli zake!” Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, kwa hiyo siulizi hali yenu, ameshanieleza yote, pamoja na kwamba una mimba ya miezi minane na umekaa peke yako na Koni. Mama aliposikia alinipiga mimi kwa kuwa wewe hukuwa karibu.

Nitakuhadithia jinsi ilivyokuwa, maana najua yeye hatasema.

Tulikuwa tunakusanya majani ya paa saa nne asubuhi, watoto wakapiga kelele kwamba kuna mtu anakuja na farasi. Akatokea kwenye kona: viatu kaning'iniza shingoni, nguo nyekundu kwa vumbi, ameshika kamba tatu. Majike wawili aliowanunua Waingapu baada ya kuuza gari lake na mkufu wako, na huyo Menur, aliyerudi naye kwenye meli ya kina Mude. Meli hurudi tupu, Dada. Mude anasema miaka yote aliyofanya kazi hiyo ameshapeleka farasi kwa mamia, na hajawahi kumrudisha hata mmoja.

Na ametembea! Kutoka Waingapu mpaka hapa, siku tisa kwa miguu, na farasi watatu mkononi. Nikamuuliza, “Shemeji, kwa nini hukupanda?” Akasema hajawahi kukaa juu ya mgongo wa farasi maisha yake yote. Yeye amezoea kukaa nyuma.

Akasimama mbele ya baraza akatoa ile hotuba uliyomfundisha. Ulitaka aseme amekuja kuomba njia ya mlangoni. Akasema amekuja kuuza mlango. Dada, ulituomba tusicheke sana. Tulijaribu. Baba mdogo ilibidi aende nyuma ya nyumba.

Baba hakucheka. Alishuka, akawapita majike, akaenda kwa Menur. Akanyanyua mguu, akakuta chuma.

“Nani amempigilia farasi misumari?”

“Mimi, Baba. Barabara ya lami inamla kwato.”

Baba akauachia mguu. Akapitisha kiganja kifuani, pale manyoya yaliposuguliwa na mikanda ya gari. Akapitisha mgongoni, mbavuni, matakoni, polepole, upande huu na upande ule, kama kipofu anayetafuta kitu. Sote tulijua anatafuta nini. Alitafuta alama ya mjeledi. Hakuipata.

“Amevuta gari miaka mingapi?”

“Kumi na mmoja, Baba.”

Akarudi barazani, akakaa, akamwambia Mama, “Mgeni ana miguu mibaya. Maji ya moto hayapo?” Mama akamwosha mwenyewe, huku analia na kumgombeza kwa maneno ya haraka asiyoyaelewa, naye anaitikia “ndiyo, Mama” kila mahali.

Tulichinja nguruwe kama inavyopasa kwa anayeleta farasi, na yeye tukampa kuku akachinja kwa mkono wake, akapikiwa kwenye sufuria mpya. Ile nguo ya indigo Mama alimvika. Kwa hiyo sasa umeolewa, Dada, hongera. Koo zote zimeshuhudia. Na baba wadogo, walipoona farasi wamesimama uani, wakaanza kutaja watakachotoa hata kabla hawajaulizwa. Mpaka jioni tumefika kumi.

Jambo moja tu. Nilimweleza Wagimin kwamba farasi hawa hawatakaa kwetu, wanapita. Kesho kutwa wanapelekwa kwa kina Lali, na kule nao watagawanywa. Alikuwa hajui. Akauliza, “Na Menur pia?” Nikamwambia na Menur pia, maana bila yeye ni tisa. Akasema, “Sawa, Deta. Ndiyo maana nilimleta.” Halafu akaniuliza maji ya kunywa yako wapi, na maji yalikuwa mbele yake.

Anaondoka asubuhi na lori la mchele ili akuwahi. Baba hajasema lolote zaidi. Zaa salama.

Mdogo wako anayeoa,
Deta


Surabaya, 22 Agosti 1972

Mpendwa Deta,

Mtoto amezaliwa tarehe nne, wa kiume, mzito, ana nywele kama brashi. Wagimin alifika siku sita kabla. Mimi nina nguvu, nimeanza kutembea. Mwambie Mama nilikunywa uji wa mahindi kama alivyoniagiza kwa Wagimin, bila hata kusimamiwa na mtu.

Nimesoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nilicheka, nikalia, Koni akaniuliza naumwa wapi.

Wagimin sasa anakodi kigari cha miguu mitatu, anakanyaga pedali yeye mwenyewe. Anasema afadhali, hakuna haja ya kukata majani. Lakini saa kumi na moja alfajiri anaamka vilevile, anatoka na ndoo, anafika kwenye banda, anasimama. Halafu anarudi na ndoo. Nikimuuliza anasema amezoea tu. Habari za Lamboya ananihadithia zote, miguu yake, Mama, kuku. Nikimtaja Menur anatafuta kitu cha kufanya.

Hajajuta, namjua. Lakini nataka kujua mimi. Menur amekwenda kwa nani? Ana miaka kama kumi na minne. Hajui kukimbia na mikuki. Na kama mzee wa nyumba hiyo akifariki, watamchinja awe farasi wa msiba? Niandikie ukweli, hata kama ni mbaya. Nitajua namna ya kumwambia, au namna ya kutomwambia.

Bita


Lamboya, 17 Septemba 1972

Dada Bita,

Tumeshukuru kwa mtoto. Mama amezunguka kijiji kizima kutangaza, na nyumba za mwisho zilikuwa zimeshasikia kutoka kwa nyumba za kwanza. Lali anakusalimu. Ndiyo, yuko hapa, ananiangalia ninavyoandika na kusema herufi zangu zimelala. Tulioana siku ya kumi na mbili ya Agosti. Kaka yake aliyenivunja mtulinga ndiye aliyekunywa kuliko wote, akaniomba radhi mara saba.

Sasa swali lako.

Asubuhi ile Wagimin alipoondoka, lori lilichelewa. Mimi nilikuwa nafunga mzigo wake. Yeye alikwenda zizini. Nilidhani yuko peke yake, nikamfuata kumwita, nikamkuta Baba amesimama nyuma ya ua wa mawe, haonekani. Ndani Wagimin alikuwa anamkuna Menur nyuma ya sikio na kumweleza jambo kwa kijava, kwa utulivu, jambo refu, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Menur amemwekea kichwa begani. Baba akanionyesha kidole, ninyamaze. Tukasimama pale sote wawili mpaka honi ya lori ikalia.

Siku iliyofuata wanaume wote walikuja kuwapeleka farasi kwa kina Lali. Tukawatoa mmoja mmoja, tunahesabu. Tulipofika kwa Menur Baba akasema, “Huyo mwache.” Akaingia mwenyewe zizini, akatoka na Radi. Alikuwa amemsuka manyoya ya shingo na kumfunga kitambaa chekundu.

“Huyu anakwenda.”

Baba mdogo ndiye aliyejipa moyo: “Kaka, huyo ni jina lako.”

“Jina nabaki nalo. Ninatoa farasi.”

“Lakini kwa ajili ya farasi wa gari?”

Baba akasema, “Kijana yule ametoa alichokuwa nacho. Mimi nilikuwa nakaribia kutoa cha kwake na kujifanya mkarimu.” Akaniwekea kamba ya Radi mkononi, akageuka akaingia ndani, hakuja na sisi.

Ukoo wa Lali walipomwona Radi walisimama wote. Hawakutaka tena kuhesabu nyati.

Kwa hiyo Menur yuko hapa, Dada. Mwambie Wagimin leo, usingoje. Chuma kimeng'olewa, kwato zinaanza kukaa vizuri. Anakula mpaka aibu.

Na Baba anampanda. Subiri, nikueleze. Siku ya kwanza alimtandika, akapanda kama anavyopanda, kifua mbele, anataka kwenda mtoni. Menur akatembea mpaka mlango wa nyumba ya jirani, akasimama. Baba akampiga kisigino. Wapi! Amesimama, anangoja abiria ashuke. Jirani akatoka, “Karibu, Mzee Radi, kuna nini?” Ikabidi Baba amsalimie. Wakaendelea. Nyumba ya pili, akasimama tena. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa kijiji, kila mlango. Kuna nyumba Baba hakuzungumza nayo tangu ugomvi wa mashamba kabla mimi sijazaliwa, na pale Menur alikaa kuliko kote, mpaka mwenye nyumba akaleta tambuu. Baba akaipokea. Angefanyaje?

Sasa ni kila siku. Kwenda mtoni ilikuwa muda wa kusokota kamba moja, siku hizi anarudi jua limepanda, anajua nani mgonjwa, nani amezaa, nani anadaiwa nini na nani. Mama anasema amepata mume mpya.

Jana nilikuwa namsomea Mama barua yako. Baba alikuwa kizingitini na kamba yake. Nilipofika pale Wagimin anapotoka na ndoo alfajiri, kamba ikatulia. Akasema, bila kugeuka:

“Bita anajua farasi yule huambiwa nini ili aendelee?”

Mama akaacha kufuma. Mimi nikasema, “Anajua, Baba. Nimwandikie akutumie neno?”

Akafikiri.

“Neno la kuandikwa nitalitamka vibaya,” akasema. “Mwandikie aje mwenyewe anifundishe. Aje na hao watoto. Na mume wake.”

Meli zinarudi tupu, Dada. Mude anasema nafasi ipo.

Deta